Barua Isiyomfikia Mwenye Gari

Wahenga walituachia usia kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Usia huo twauandika ubaoni, twauingiza katika insha, na wanafunzi wetu huukariri bila kukosea hata neno. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo wahenga hawakulifafanua. Ikiwa tahadhari imetolewa kwa lugha usiyoielewa, ikapelekwa kwa anwani isiyo yako, katika nchi ambayo hujapata kuikanyaga, je, tutasema kwamba umetahadharishwa?

Swali hili lilizuka katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Hisabati na baba wa watoto watatu, alichukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo akanunua gari. Halikuwa gari dogo la kwendea sokoni. Lilikuwa mojawapo ya yale magari yenye kimo, yanayopita juu ya mashimo kana kwamba hayayaoni, ambayo Wamarekani huyaita kwa ufupi SUV. Lilikuwa limetumika miaka saba nchini Japani kabla ya kuvuka bahari na kuteremshwa Kilindini, lakini kwetu sisi lilikuwa jipya. Shule yetu iko mlimani, njia yake ni ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha matatu hazifiki. Tangu gari hilo lije, ndilo lililowakimbiza hospitalini wanafunzi waliougua usiku.

Siku moja mpwa wake, kijana anayesomea ufundi wa magari chuoni, aliichukua nambari ya chesisi akaiingiza katika tovuti ya kampuni iliyoliunda gari hilo. Jibu lilikuja kwa Kijapani, naye akalifasiri kwa msaada wa simu yake. Gari la mjomba wake lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoitwa yarudishwe yakarekebishwe kwa sababu mfuko wa hewa wa upande wa abiria ulikuwa na kasoro. Halikuwa limerudishwa.

Habari hizo zilipofika katika chumba cha walimu, kila mtu alizipokea kwa namna yake. Mmoja alicheka akasema kwamba gari lisilo na kasoro ni lile ambalo halijaundwa. Mwingine alimpa pole mwenzetu kwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wa tatu alishusha pumzi akasema kwamba ajali haina kinga, na kila nafsi ina siku yake. Mwenye gari alisikiliza yote kwa utulivu, kisha akauliza swali moja tu: "Barua hii iliandikwa lini?" Mpwa wake akatazama tena. Iliandikwa miaka mitatu kabla gari halijapanda meli.

Ili kupima uzito wa swali hilo, hatuna budi kutazama jinsi wenye magari wa nchi nyingine walivyoupokea wito kama huo. Mfano ulio maarufu kuliko mingi ni ule wa Marekani wa mwaka 2000, ambao ulihusu gari la Ford Explorer na matairi ya Firestone.

Explorer lilianza kuuzwa mwaka 1990, na katika muda wa miaka michache likawa gari la aina yake lililopendwa kuliko yote nchini humo. Wazazi walilinunua kwa sababu liliwapa hisia ya usalama. Dereva aliketi juu, akayaona magari mengine yako chini yake, akadhani kwamba urefu ni ngome. Kumbe urefu huo huo ulikuwa na hatari yake. Mwanafunzi wa Fizikia anaijua sababu: kitovu cha uzito kikipanda, uthabiti hupungua, na chombo kilichoinuka hupinduka kwa urahisi kuliko kile kilicholala chini.

Magari mengi ya jina hilo yalitoka kiwandani yakiwa yamevishwa matairi ya Firestone. Baadhi ya matairi hayo, yakikimbizwa kwa kasi juu ya lami yenye joto kali, yalibambuka. Ngozi ya nje ilitengana na nyaya za chuma zilizo ndani, ikaruka barabarani kama gome la mti lililochunwa. Gari la chini huenda lingeyumba likasimama. Gari lenye kimo, dereva aliposhtuka na kuukata usukani, mara nyingi lilipinduka.

Tarehe 9 Agosti, 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kwamba ingeyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabarani, ambayo hujulikana kwa ufupi kama NHTSA, hatimaye iliorodhesha vifo 271 na majeruhi zaidi ya 800 waliohusishwa na kubambuka kwa matairi hayo.

Je, wenye magari walizipokeaje habari hizo? Kwanza walishikwa na hofu. Misururu ilitanda mbele ya maduka ya matairi, na matairi ya kubadilisha yakaadimika. Kampuni ilikuwa imepanga kuanza na majimbo yenye joto, yaani Arizona, California, Florida na Texas, na wakazi wa majimbo mengine wangoje zamu yao, baadhi yao hadi mwaka uliofuata. Mpango huo uliigeuza hofu kuwa hasira. Je, mama wa jimbo la baridi aendelee kuwapeleka watoto shuleni juu ya matairi ambayo mwenye kuyaunda mwenyewe amekiri kwamba hayafai? Malalamiko yalipozidi na kesi kufikishwa mahakamani, kampuni ilikubali kwamba mwenye gari angeweza kununua matairi ya watengenezaji wengine, kisha arudishiwe fedha hadi dola 100 kwa kila tairi. Ford nayo ilisimamisha kwa muda kazi katika viwanda vyake vitatu ili matairi yaliyokusudiwa magari mapya yapelekwe kwa wateja waliokuwa wakisubiri.

Baada ya hasira ikaja shaka. Wenye magari walitaka kujua ni nani mwenye makosa, na hapo ndipo walipoona ajabu. Ford ilisema kwamba tatizo ni la tairi, si la gari. Firestone ilikiri udhaifu wa matairi yake, lakini ikasisitiza kwamba gari lenyewe lilikuwa jepesi wa kupinduka, na kwamba Ford iliwashauri wateja watie upepo wa paundi 26 kwa kila inchi mraba, kiwango ambacho Firestone ilitaka kifikie 30. Tairi lenye upepo haba hujikunja zaidi, hupata joto zaidi, na kwa hiyo huchakaa upesi. Mabishano hayo yaliwashangaza watu kwa kuwa kampuni hizi mbili hazikuwa wageni kwa wageni. Henry Ford na Harvey Firestone walikuwa marafiki tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mjukuu wa mmoja alimwoa mjukuu wa mwingine mwaka 1947. Mwana wa ndoa hiyo, William Clay Ford Mdogo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Ford wakati wa msiba huu. Hata hivyo, mwezi Mei 2001 Firestone ilitangaza kwamba haitaiuzia tena Ford matairi katika Marekani, na siku iliyofuata Ford ikatangaza kwamba ingebadilisha matairi mengine milioni 13 kwa gharama yake yenyewe. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi katika kisa hiki walikuwa ni wale waliohitaji kwenda kazini kesho yake asubuhi.

Iko namna ya tatu ya kuupokea wito, nayo haina kelele. Ni kupuuza. Wapo waliopata barua, wakaisoma, wakaiweka juu ya kabati ili waishughulikie juma lijalo, na juma hilo halikuja. Taarifa ya ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba, kwa wastani, takriban thuluthi moja ya magari yanayoitwa yakarekebishwe hayapelekwi, ingawa kazi yenyewe hufanywa bila malipo. Msomaji na aliweke jambo hili akilini kabla ya kudhani kwamba uzembe ni ugonjwa wa Mwafrika.

Lakini swali lililo kubwa kuliko yote ni hili: tahadhari yenyewe ilitoka wapi? Haikutoka kwanza kwa waliounda. Mwaka 1998, mtafiti wa kampuni ya bima ya State Farm, Samuel Boyden, aligundua katika majalada yake madai 21 yaliyofanana, yote ya matairi ya Firestone yaliyobambuka. Aliiarifu NHTSA. Hakuna aliyelishughulikia jambo hilo ipasavyo. Mwezi Februari 2000, kituo cha televisheni cha KHOU mjini Houston kilitangaza uchunguzi wake juu ya ajali hizo. Watazamaji waliokuwa wamepatwa na mikasa kama hiyo, na ambao kila mmoja alidhani kwamba balaa lake ni la peke yake, walianza kupiga simu na kuandika malalamiko. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ikafungua uchunguzi rasmi. Kabla ya tangazo la Agosti, maduka makubwa kama Sears yalikuwa yamekwisha kuyaondoa matairi hayo katika rafu zake.

Zaidi ya hayo, iligunduliwa kwamba hatari hiyo ilikuwa imejulikana mapema katika nchi nyingine. Mwaka 1999, Ford ilikuwa imeanza kuwabadilishia matairi wenye Explorer nchini Saudi Arabia na katika nchi jirani za Ghuba, ambako joto la jangwani lilikuwa limeyashinda matairi hayo. Hatua hiyo haikuitwa kwa jina lake. Ilipewa jina refu la kiofisi, lililoashiria tu kwamba mawasiliano na wateja yalikuwa yakiboreshwa. Sisi walimu wa lugha tunapaswa kuwafundisha wanafunzi wetu kuyashuku maneno ya namna hiyo, kwa kuwa mara nyingi sentensi hurefushwa ili ukweli upate pa kujificha. Na kwa kuwa sheria ya Marekani ya wakati huo haikuilazimisha kampuni kuripoti nyumbani yale iliyoyafanya ugenini, mwenye gari wa Texas hakuambiwa kilichompata mwenye gari wa Riyadh.

Hasira ya wenye magari ilizaa matunda. Tarehe 1 Novemba, 2000, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria mpya iliyozitaka kampuni ziiarifu serikali kuhusu magari na matairi yaliyorudishwa katika nchi za nje, na kutoa mapema takwimu za vifo, majeruhi na malalamiko. Sheria hiyo hiyo iliagiza kwamba magari mapya ya Marekani yawekwe kifaa cha kumwonya dereva upepo wa tairi unapopungua. Kile kitaa kidogo cha manjano ambacho siku hizi huwaka katika dashibodi za magari mengi duniani kina asili yake, kwa kiasi kikubwa, katika vilio vya mwaka ule.

Sasa turejee kwa mwalimu mwenzangu. Kasoro ya gari lake haikuwa ya tairi bali ya mfuko wa hewa, na hapa pana tofauti ambayo yafaa tuielewe. Tairi lililochoka aghalabu huonekana: huvimba, hupasuka, hutetemesha usukani. Mfuko wa hewa hauonekani kamwe mpaka siku ya mgongano. Ndani ya dashibodi na ndani ya usukani mna kopo dogo la chuma lenye kemikali. Gari likigongana, kemikali hiyo huwaka kwa kasi, hutoa gesi, nayo gesi huujaza mfuko kabla ya kufumba na kufumbua, ili kichwa cha mtu kiangukie mto badala ya chuma.

Kampuni ya Takata ya Japani iliyatengeneza makopo hayo kwa mamilioni na kuyauzia kampuni nyingi za magari. Ilitumia kemikali iitwayo amonia naitreti, ambayo hudhoofishwa na unyevu na mabadiliko ya joto na baridi kwa muda wa miaka mingi. Ikishadhoofika, huwaka kwa nguvu kupita kiasi. Kopo lenyewe hupasuka, na vipande vya chuma hurushwa kuelekea shingo na uso wa mtu ambaye chombo hicho kiliwekwa kumlinda. Nchini Marekani peke yake, makopo yapatayo milioni 67 yaliitwa yabadilishwe, na watu zaidi ya 25 wamepoteza maisha. Wengine wamefariki katika nchi nyingine, ikiwemo Malaysia. Takata ilitangaza kufilisika mwezi Juni 2017.

Miongoni mwa magari yaliyoguswa na wito huo duniani ni baadhi ya Honda CR-V, Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Forester za miaka fulani. Msomaji anayesimama kando ya barabara yoyote ya Kenya kwa dakika kumi atayaona yote manne. Sisemi kwamba kila gari lenye majina hayo lina kasoro, la hasha. Mengi hayamo katika orodha, na mengi yaliyomo yalikwisha kurekebishwa. Ninalosema ni kwamba anayelitazama kwa macho hawezi kujua ni lipi na ni lipi. Tena, wataalamu walipoyapanga maeneo ya Marekani kwa kadiri ya hatari, waliyatanguliza yale yenye joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Hewa ya Mombasa, Malindi na Lamu si tofauti sana na hiyo, nayo chumvi na unyevu wa pwani haviulizi gari limesajiliwa wapi.

Hapa ndipo swali la mwalimu wa Hisabati linapouma. Barua ya kulirudisha gari huandikwa kwa yule ambaye jina lake limo katika daftari la usajili. Gari linapofutwa katika daftari la Japani ili lisafirishwe, jina hilo hukatwa, na barua hubaki haina wa kumwendea. Magari mengi ya watu binafsi yanayosajiliwa Kenya kwa mara ya kwanza huja yakiwa yametumika tayari. Sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kila gari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Huo ni utaratibu mwema. Lakini mkaguzi anayetazama breki, taa na matairi hawezi kuuona unyevu uliojipenyeza ndani ya kopo la chuma lililofichwa nyuma ya dashibodi. Kwa hiyo, mwenye gari wa Marekani akipuuza barua, amepuuza barua aliyoipata. Mwenye gari wa Kenya hulaumiwa kwa kutoitii barua ambayo haikupata kumfikia.

Najua yupo msomaji atakayeniuliza: katika nchi ambayo madereva hukimbia kama waliofumaniwa, ambayo matatu hupita kushoto, matairi huvaliwa mpaka yakawa upara, na watu hufa kila juma kwa ulevi wa wengine, kwa nini tujishughulishe na kopo ambalo huenda lisipasuke kamwe? Hoja hiyo ina nguvu, wala sitaki kuikwepa. Anayeogopa mfuko wa hewa lakini hafungi mshipi wa usalama amechagua adui asiye wake. Mtu mmoja mmoja anapokadiria hatari za barabarani, mwendo wa kasi na ulevi vinatangulia mbali.

Hata hivyo, iko tofauti kati ya hatari ninayoiona na ile iliyofichwa. Dereva akikimbia, naweza kumwambia apunguze mwendo au nikashuka. Kasoro iliyo ndani ya chuma inajulikana kwa aliyekiunda chuma hicho, na mimi siwezi kuijua mpaka aniambie. Kwa ajili hiyo naamini kwamba kasoro yenyewe si dhambi, kwani hakuna kazi ya mikono ya mwanadamu isiyokosewa. Dhambi iko katika kujua na kunyamaza. Wala wanaoweza kunyamaza si wenye viwanda peke yao.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Mwenzetu alipokwenda kwa mwakilishi wa kampuni iliyoliunda gari, aliambiwa kwa adabu kwamba gari lile halikuuzwa nao, na kwamba watamwarifu. Alipokwenda kwa yadi alikolinunua, aliambiwa kwamba karatasi zote zilikuwa sawa. Makanika wa kando ya barabara alijitolea kuzikata nyaya za mfuko huo kwa shilingi mia chache, jambo ambalo mpwa wake alimkataza katakata, kwa kuwa kitu kinacholipuka hakichezewi na asiye na mafunzo. Kisha rafiki mmoja, mtu anayempenda kwa dhati, akampa shauri ambalo wengi wetu tungelitoa: "Liuze upesi, watu hawajajua."

Mwalimu yule alinyamaza kitambo. Mkopo ulikuwa umebaki miezi 31, naye alijua kwamba gari likitangazwa kuwa na kasoro, bei yake itaanguka. Hatimaye akasema, "Nimwuzie nani? Atakayelinunua ni mtu mwenye watoto, kama mimi." Hakuliuza.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Katika jamii yetu gari ni chombo cha safari na ni heshima pia. Tunaliosha Jumamosi, tunaliegesha mahali linapoonekana, na anayetaja kasoro yake huwa kana kwamba amemtusi mwenyewe. Hivyo basi, habari ya kasoro huwa siri, siri hiyo huuzwa pamoja na gari, na mnunuzi wa tatu na wa nne huirithi bila kujua. Wenye Explorer wa mwaka 2000 hawakuwa werevu kuliko sisi. Walisema tu kwa sauti kubwa yale yaliyowapata, mpaka mikasa iliyotawanyika ikakusanyika ikawa ushahidi.

Nasi tunayo mambo tunayoweza kuyafanya bila kungoja. Kila mwenye gari ana nambari ya chesisi katika cheti chake cha umiliki. Kampuni kubwa za Japani zimeweka wazi namna ya kuiangalia nambari hiyo, na kijana yeyote wa kidato cha tatu mwenye simu anaweza kumsaidia mzazi wake. Anayetaka kuagiza gari na aitake kwanza ithibati kwamba lilirekebishwa, kabla hajalipa hata shilingi, kwa maana kazi hiyo hufanyika bure likiwa bado Japani. Shule zenye magari zianze na magari yao wenyewe. Naona hilo ni zoezi jema kwa chama cha wanafunzi wa sayansi kuliko kuchora mchoro wa injini ambayo hawataigusa.

Lakini raia hawezi kuubeba mzigo huu peke yake. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Halmashauri ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA, huiandika nambari ya chesisi ya kila gari linapopewa sahani za usajili, pamoja na jina la mwenyewe na simu yake. Ikiwa nambari hizo zitalinganishwa na orodha za watengenezaji siku hiyo hiyo ya usajili, barua iliyopotea baharini itampata mwenyewe. Na kampuni zilizofaidika kwa kuuza gari mara ya kwanza zisiambiwe kwamba wajibu wao huishia mahali pa kufungia nanga. Chuma walichokiunda hakikubadilika kwa kuvuka maji.

Tahadhari ni kabla ya hatari, lakini kuitamka hewani hakutoshi. Yafaa imfikie mtu, kwa lugha yake, akiwa bado na nafasi ya kutenda.

Juma lililopita mwanafunzi wa kidato cha kwanza alishikwa na homa usiku wa manane. Mwalimu wa Hisabati aliamka kama ilivyo desturi yake, akaliwasha gari. Kiranja aliyekuwa akimsindikiza mgonjwa aliufungua mlango wa mbele upande wa kushoto, akakuta kitini kipande cha ubao kilichofungwa kwa kamba, na juu yake maandishi ya chaki, kwa hati ile ile nadhifu tunayoiona ubaoni kila siku: USIKETI HAPA. Wakaketi nyuma wote wawili, wakafunga mishipi, na gari likateremka mlima polepole. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, nayo barua ya mwakilishi bado ilikuwa inangojewa.